Mbeba Mwaka

Jambo la kwanza ambalo Mawazo aliliona ni kwamba baba yake hakuwa na utepe shingoni.

Fundi Amadi alivaa utepe wake wa kupimia tangu asubuhi hadi swala ya jioni, na kuna siku alikwenda nao hata msikitini kwa kusahau. Lakini siku ile utepe ulikuwa umetupwa juu ya cherehani, na mkononi alishika kamba ya katani, ile iliyokaa kwenye msumari nyuma ya mlango. Mawazo aliijua kamba ile. Ilitoka kwenye msumari mtu alipofariki na ndugu zake wakaja kuomba sanda ishonwe. Tena ilitoka siku ya mwisho ya Desemba, kwa kazi ya Tausi.

"Lala hapo kwenye mukeka, kijana, nikupime muzuri," baba alisema.

Léonard, aliyekuwa amesimama barazani na kofia mkononi, alicheka. "Baba Fundi, benzangu wote umebapima bamesimama. Mie ndiyo nilale?"

"Weye kesho hutembei. Utabebwa."

Vijana waliokaa kwenye ngazi wakisugua vifungo vya shaba kwa majivu walimpigia makofi. "Mukubwa amekwisha kuwa mukubwa," mmoja alisema. "Sasa miguu yake haitaki tena udongo wetu."

Tausi kilikuwa chama cha mbeni, ile ngoma ya gwaride, cha mtaa wa Naviundu. Waislamu wa Maniema walikuwamo, Wakatoliki wa reli walikuwamo, na kila Mwaka Mpya walitoka pamoja kwa ngoma na tarumbeta, makoti mekundu, manyoya kwenye kofia na panga za mbao. Fundi Amadi alikuwa Kapiteni wao. Mwisho wa gwaride, nyuma ya wapigaji wote, ilikuja machela, na juu yake mtu amefunikwa shuka jeupe kama maiti. Huyo aliitwa Mwaka. Njia nzima watu walimbandikia kwa pini mabaya yao yote: kitambaa cha mgonjwa, kipande cha nguo ya mtoto aliyezikwa, nywele za mke aliyekimbia. Walimpeleka mpaka mtoni, wakamwogesha, akavuka ng'ambo, akaenda zake bila mtu kumtazama. Hakuruhusiwa kukanyaga Lubumbashi mpaka Mwaka Mpya mwingine, maana akirudi kabla, alirudi na kila alichobandikiwa.

Kwa kawaida walimchukua mtu aliyekuwa anahama hata hivyo, labda mzee anayerudi kwao kulima. Léonard hakuwa anahama. Alitengeneza mabehewa kwenye karakana ya reli, mama yake alikuwa na nyumba ya matofali, na alikuwa ameingia Tausi baada ya Pasaka tu, kupiga ngoma kubwa.

Alilala. Fundi Amadi alivuta kamba kutoka kisigino hadi utosi, akafunga fundo huku, akafunga fundo kule. Mawazo alikuwa ameketi mlangoni akishonea mikanda nakshi za manjano, na sindano ilimwingia kidoleni bila yeye kuisikia. Léonard aligeuza kichwa pale chini, akamwona kinyumenyume, akamkonyeza. Mawazo hakutabasamu. Alimtazama tu, akamtazama, mpaka kicheko cha yule kijana kikapungua kidogokidogo kama taa inayoishiwa mafuta.

Walipoondoka wote, Mawazo alimletea baba yake chai.

"Baba, umemupima na kamba."

"Na kila mwaka mubebaji ninamupima na nini?"

"Lakini yeye haendi safari. Iko na kazi ku reli."

"Amekubali mwenyewe, muulize." Fundi Amadi alikata uzi kwa meno. "Hapana, usimuulize. Weye unamujulia wapi hata umuulize?"

Mawazo alitazama miguu yake.

"Mie ni fundi, mwanangu," baba alisema, bila ukali. "Kifungo kilichokatika na kifungo kilichokatwa kwa wembe, ninavijua. Koti la yule kijana limekuja hapa tangu Pasaka mara ngapi? Na kila mara unalishona weye, na kila mara unachelewa kulimaliza."

Masikio ya Mawazo yalipata moto. Alikuwa amedhani siri yao imefichwa vizuri ndani ya uzi.

"Ni kijana muzuri, sina neno juu yake. Lakini siku akikufa atazikwa kwao, na weye utazikwa kwetu. Batoto benu mie nitabazika wapi? Katikati, mu barabara?" Alikunywa chai, akaweka kikombe chini. "Mume wa yaya yako Asha, dada yako mukubwa, iko na mudogo wake. Mvua ikipungua anashuka kutoka Kasongo kukuoa. Ongeza nakshi kwa ule mukanda, umeuacha uchi."

*

Mchana ulipoinama, wanawake wote walikuwa wameshaondoka mtoni kwa kuogopa mawingu. Upande wa mgodi anga lilikuwa jeusi, na moshi wa bomba kubwa haukupanda juu. Ulilala juu ya mapaa ya mtaa na kuwasha koo. Mawazo alibaki peke yake akisuuza mikanda ya gwaride. Maji ya mto Naviundu yalikuwa mekundu kwa udongo wa mvua, na kadiri alivyosuuza, ndivyo mikanda ilivyozidi kuchafuka.

Alisikia mnyororo wa baiskeli kabla ya kumwona mwenyewe.

"Umenikasirikia," Léonard alisema.

"Hapana."

"Basi niangalie."

Alimwangalia. Alikuwa bado na mafuta ya mashine kwenye shingo, chini ya sikio, mahali ambapo mara nyingi Mawazo alitamani kupafuta kwa kidole chake. Akarudisha macho majini.

"Ju ya nini ulilala?" alimuuliza.

"Baba yako aliniambia nilale."

"Akikuambia uingie mu moto, utaingia?"

"Kama weye uko ng'ambo ya ule moto, nitapita." Alilaza baiskeli kwenye majani, akachuchumaa karibu naye, lakini si karibu sana. "Sikiliza. Alikuja ku reli mwenyewe, na kanzu yake nyeupe, katikati ya mafuta yetu. Bote bakanyamaza. Akaniita kando, akasema: beba Mwaka. Nenda kaa Lukafu kwa mujomba wako, lima, usikanyage hapa. Ukimaliza, rudi, tutazungumza habari ya binti. Nikamupa mukono."

"Alisema tutazungumza?"

"Tutazungumza. Kwa kinywa chake."

"Hakusema nitakupa."

"Mawazo, muzee hawezi kusema nitakupa mbele ya behewa bovu." Alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. "Kwetu tunafunga Kwaresima, tunakonda, tunakuwa na njaa mpaka kila muntu anakuwa mubaya. Kisha tunakula Pasaka. Mie nimeona ni vile. Nifunge mwaka moja, kisha nikule."

Mawazo aliuacha mkanda. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Shuleni alikaa nyuma mpaka alipotolewa, na nyumbani cherehani ilisema kwa niaba yake. Ilibidi ayatoe maneno moja moja.

"Unamujua Adalbert?"

"Adalbert gani?"

"Ndiyo vile. Hakuna anayemujua. Alipiga tarumbeta ya Tausi, na nilipokuwa mudogo alinipa karanga ili nimwite yaya Asha mulangoni. Yaya alikuwa anamupenda mpaka hakuli. Baba akamwambia Adalbert: beba Mwaka, ukirudi tutazungumza."

Léonard aling'oa jani, akalipasua katikati.

"Alibeba. Mvua haijaisha, yaya Asha amekwisha kupelekwa Kasongo. Adalbert hakuambiwa, nani angemwambia? Hakuna muntu wa Tausi anayeweza kumusemesha. Alimaliza mwaka wake muzima, akarudi na shati mupya. Bamama bakafunga milango. Moja alikuwa amezika mapacha ule mwaka, na nguo yao ndiyo alimubandikia. Alitoka, akamumwagia majivu ya jiko. Dukani bakakataa kumuuzia hata chumvi. Akafika kwetu. Baba akatoka, akamupa kiti, akamwambia: haya, tuzungumze."

"Bakasema nini?"

"Bakazungumza habari ya mvua. Kama imenyesha muzuri kule alikotoka. Kisha Adalbert akainuka, akashukuru, akaenda."

"Wapi?"

"Sijui. Tulisikia mengi, na hakuna hata moja lilikuwa muzuri."

Ngurumo ilipita mbali, ndefu, kama mabehewa yanayounganishwa. Léonard alichukua jiwe dogo, akaligeuzageuza mkononi, akaliacha lianguke.

"Mie si Adalbert."

"Naye hakuwa muntu mwingine."

"Basi nitamwambia leo kwamba nimekataa."

"Umelala. Kamba ikikupita umelala, umekubali. Kila muntu wa Tausi anajua."

"Mie sikujua."

"Ninajua hukujua," Mawazo alisema. "Ndiyo maana alikuchagua."

Alimwona akimeza maneno hayo, na aliumia kumwona. Alitaka kuyarudisha. Léonard aliinuka, akatembea mpaka ukingoni, akarudi.

"Tuondoke, weye na mie," alisema. "Likasi niko na dada yangu, Constance. Tutafika kwake hata kwa miguu."

Mawazo aliona nyumba yao bila yeye ndani. Aliona mama yake akizunguka kutoka jikoni hadi barazani, kutoka barazani hadi jikoni, bila kusema kitu, kama alivyozunguka baada ya Asha. Kinywa chake kilifunguka. Neno lilifika kwenye meno, likarudi chini.

Léonard alingoja muda mrefu zaidi kuliko mwanamume mwingine angengoja.

"Unaona?" alisema mwishoni, kwa upole uliomchoma kuliko hasira. "Mie sikimbii peke yangu. Na nikivunja mukono niliompa baba yako, atakwambia: si nilisema, batu ba reli." Aliinama, akauokota mkanda uliokuwa unachukuliwa na maji, akauweka mikononi mwa Mawazo. Vidole vyao vilikutana chini ya kitambaa kilicholowa, vikakaa. "Utanitazama kesho? Wengine bakigeuka, weye utanitazama?"

Aliitika kwa kichwa. Léonard akaondoka na baiskeli yake bila kuipanda, na Mawazo akabaki pale mpaka tone la kwanza la mvua likampiga shingoni, kisha mvua ikabadili nia, isinyeshe.

*

Asubuhi ya Mwaka Mpya, Mama Rabia alimsuka binti yake jikoni.

"Mama, yaya Asha anafurahi kule?"

Mkono ulisimama ndani ya nywele. "Iko na batoto."

"Nimeuliza kama anafurahi."

"Na mie nimekujibu." Mama alivuta msuko mpaka macho ya Mawazo yakalengwa na machozi. "Leo usisimame karibu na machela. Uso wako unasema sana, batu bataacha kuangalia ngoma bakuangalie weye. Kaa nyuma. Au kaa huku na mie. Siku ile ya Adalbert nilikaa huku nikapika pilau."

"Ulimusikia yaya akilia?"

Mama Rabia alichukua fungu jingine la nywele. Nje, mtu alikuwa anajaribu tarumbeta.

"Nilikaanga vitunguu kwa mafuta mengi," alisema, "ili vipige kelele." Akafunga msuko wa mwisho, na viganja vyake vikabaki juu ya kichwa cha binti yake, vizito, kana kwamba alitaka kukizuia kisiinuke.

Mawazo aliinuka.

Gwaride lilitoka baada ya misa na baada ya swala, chini ya joto lisilo na upepo. Tausi walipendeza. Makoti yalikaa sawa mabegani, na Fundi Amadi alitangulia na filimbi yake na upanga wa mbao, mwembamba, mnyoofu, kila hatua yake imepimwa. Lakini ngoma kubwa alipewa mtu mwingine, na pigo lilikuja limechelewa kidogo tu, hata miguu ya wote ikawa inatafuta ardhi. Watoto, ambao miaka mingine walikimbia pembeni wakiiga, walitembea kimya.

Nyuma ya machela alikuja Mzee Abibu, muuza mkaa, mwenye ndevu nyeupe, amejifunga kikwembe na kilemba cha kike. Yeye ndiye aliyekuwa mjane wa Mwaka, miaka yote. "Ee mume wangu," alilia kwa sauti nyembamba, "umeniachia mukaa na madeni, na hata mudomo wangu hukuubusu, uliogopa ndevu." Watu walicheka, kisha wakatazama shuka, wakaacha kucheka.

Maana shuka lilikuwa limejaa. Mwaka ule ulikuwa mbaya. Surua ilipita mtaani, na walioibandika kwa pini walikuwa wengi. Mama mmoja kijana alifika na kisoksi cha mtoto. Aliisukuma pini kwa nguvu, ikapita kitambaa na kuingia mwilini. Mawazo aliona doa jekundu likifunguka begani, juu ya sanda nyeupe aliyoishona baba yake. Aliyelala hakusogea. Maiti hasogei. Doa likakua, na hakuna mtu aliyelitaja.

Mawazo hakukaa nyuma. Alitembea kando ya machela njia nzima, mkono wake karibu na mti wa kubebea, na wanawake wakaanza kugusana viwiko. "Binti ya Kapiteni," alisikia. "Dada yake naye alipenda mubebaji, unakumbuka?" Alijua kwamba uso wake unasema. Kwa mara ya kwanza aliuacha useme.

Mtoni machela ilishushwa juu ya majani. Ngoma zikanyamaza. Kilichobaki kilikuwa swali moja. Kabla ya maji, Kapiteni anauliza mwenye maiti ni nani, na anayeitikia anachukua maiti pamoja na vyote alivyobandikiwa, anavuka naye. Ndiyo maana swali liliachiwa mjane wa kuchekesha: Mzee Abibu angeitikia kwa sauti yake ya uongo, watu wangecheka, naye angerudi kwenye mkaa wake, kwa kuwa jibu la mchezo halimfungi mtu. Jibu la kweli halikuwahi kutolewa. Nani mwenye akili angelitoa?

Fundi Amadi aliondoa filimbi kinywani. "Mwenye maiti ni nani?"

Mzee Abibu alishika kikwembe chake, akapiga hatua. Mawazo akapita mbele yake. Yule mzee alimtazama usoni kwa karibu, kilemba kimemkalia upande, na mzaha ukamtoka. "Mutoto," alinong'ona kwa sauti yake mwenyewe, ya kiume, "rudi. Iko mabaya ya mutaa muzima pale."

Hakurudi.

Baba alimwona. Kila mtu aliona kwamba amemwona. Upanga wa mbao ulishuka mpaka ncha yake ikagusa udongo, na uso wa Fundi Amadi ukawa wa mtu ambaye amekata kitambaa cha watu na kugundua kwamba amekosea kipimo. Angeweza kupiga filimbi. Hakupiga. Alimpa nafasi, kwa kuwa alimpenda.

"Nimeuliza," alisema taratibu, "mwenye maiti ni nani. Mujane ajibu."

Chini ya shuka, pale pa doa jekundu, bega lilianza kupanda na kushuka. Upande wa mgodi anga lilipasuka, na safari hii mvua ilikuja kweli, wakaisikia ikitembea juu ya mabati ya mtaa kuelekea kwao. Mama mwenye kisoksi alirudi nyuma, na wengine nyuma yake, mpaka pale kwenye majani wakabaki baba, binti, na yule aliyelala.

"Ni mimi, Baba," Mawazo alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa, hata yeye hakuitambua. "Huyu muntu ni wangu. Ninamupenda, na kule munakomutupa, munitupe na mie."